Nihame X niende Mastodon au Bluesky? Namjibu mwalimu wa bustani

Nimetumiwa swali na dada mmoja mwalimu wa sekondari Morogoro, lilikuwa refu, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Pembeni ya kazi nina akaunti X ya bustani za nyumbani, mchicha, mnafu, chainizi kwenye magunia, wafuasi kama 9,000. Tangu X ifungwe huku Mei 2025 wengi wamepotea, hata mimi akaunti ananishikia mdogo wangu aliyeko Nairobi. Nasikia kuna mitandao isiyo na mwenyewe, Mastodon na Bluesky. Nihamie upi, na wafuasi wangu nitawabebaje? Simu yangu ya kawaida tu na bando ni la wiki."

Marahaba mwalimu.

Nianze na baya ili tusije kulaumiana mbele ya safari: hao 9,000 huwabebi. Hakuna mtandao utakaokupokea na wafuasi wako wa X mkononi, maana orodha iko kwenye mashine za X na X hawana sababu ya kukufungia virago uende kwa jirani. Zamani kidogo kulikuwa na vijiprogramu, unaviruhusu vinapitia wote unaowafuata, vinakuonyesha nani kaandika anwani yake ya Mastodon kwenye wasifu, unawafolo kwa mkupuo. Mwanzoni mwa 2023 X wakaanza kutoza hela programu za nje zinazosoma data yao, vile vijiprogramu vikafa kimoja kimoja. Na kabla ya hapo, Desemba 2022, walishapiga marufuku hadi kuweka linki za kukuelekeza Mastodon, watu wakapiga kelele wee, marufuku ikaondolewa fasta. Nakwambia haya ujue kwamba mlango wa kutokea ni mwembamba na fundi aliujenga hivyo makusudi.

Sasa hili la mtandao usio na mwenyewe. Mwalimu, mwenyewe yupo, ila wako wengi. Ichukulie kama laini za simu. Wewe una Voda, dada yako ana Airtel, unampigia inaita, hakuna anayemwambia mwenzie "hamia kwangu ndo tuongee". Hela je? Unakumbuka kutuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine ilivyokuwa mbinde, mpaka kampuni zikaanza kuelewana 2014 na Voda wakaingia 2016. X na Facebook bado wako kwenye zama zile za kabla ya kuelewana, aliye ndani anaongea na aliye ndani. Mastodon yenyewe ni programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake, yaani kompyuta inayotunza akaunti na posti za watu, aliianzisha Eugen Rochko kule Ujerumani 2016, na seva zote hizo, maelfu, zinaongea kwa lugha moja inaitwa ActivityPub ambayo W3C, wale wanaopanga kanuni za wavuti, waliipitisha Januari 2018. Ndo maana jina la mtu wa Mastodon lina vipande viwili kama imeili, kwanza jina lako alafu jina la seva uliyojiandikishia. Na kwa sababu lugha ni hiyohiyo, mtu wa Pixelfed, ambayo ni ya picha kama Instagram, au wa PeerTube ya video, unamfolo ukiwa Mastodon kwako bila kufungua akaunti nyingine. Hilo mara ya kwanza kuliona lilinishangaza, najua ni la kitoto lakini nilishangaa.

Mimi niliingia Novemba 2022, wiki zilezile Elon Musk amemaliza kuinunua Twitter, ndo hii X ya leo, kwa dola bilioni 44 na kila mtu anaaga. Tulikuwa wengi, Mastodon ikafika kama milioni mbili na nusu ya watu wanaoitumia kwa mwezi, alafu wengi wakarudi walikotoka. Unajua walichoshindwa nini? Kujiandikisha tu. Unafungua ukurasa unaulizwa "chagua seva", mtu hajui seva ni nini, anaona orodha ya majina mia, anafunga simu anaenda kunywa chai. Mimi nikajifanya mjanja nikachagua kiseva kidogo, watu mia chache, kinaendeshwa na jamaa mmoja huko Ulaya kwa hela yake na michango, kizuri, kimetulia, kila mtu anamjua mwenzie. Miezi minane baadaye nafungua asubuhi hakifunguki. Kesho yake hakifunguki. Jamaa alichoka, au hela ya seva ilimuishia, sikuwahi kujua, na posti zangu zote na picha za miezi yote ile zikaenda nacho. Sikuwa na bakapu hata moja, mimi ninayewafundisha watu bakapu! Naomba usicheke.

Kwaiyo hapo ndo penye somo lenyewe, na nalirefusha kwa sababu ndilo litakaloamua uende wapi. Kwenye Mastodon ukitaka kuhama seva kuna utaratibu: unafungua akaunti mpya kule unakokwenda, unaiambia kwamba ile ya zamani ni yako, alafu unarudi kwenye ile ya zamani unabonyeza kuhama. Wafuasi wako wanahamishwa wenyewe bila kuguswa. Unaowafuata, uliowabloki, unapakua orodha unaipandisha upya. Posti haziendi, zinabaki kule. Na jambo kubwa, seva ya zamani lazima iwe hai siku unayohama, maana yeye ndo anayewatangazia wafuasi "jamani mwalimu kahamia pale". Ikifa ghafla kama yangu, umekufa nayo. Seva zilizoorodheshwa kwenye ukurasa rasmi wa joinmastodon zimeahidi kutoa taarifa miezi mitatu kabla ya kufunga na kufanya bakapu kila siku, kwahiyo ukienda huko chagua humo, usinifuate mimi na ujanja wangu.

Linganisha na kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, ile huduma iliyoanza Tanzania 2017. Mastodon ni kama umehama lakini namba imebadilika, ila anayepiga ya zamani anaunganishwa kwenye mpya. Bluesky wamejaribu kukupa ile yenyewe, unahama na namba yako.

Bluesky ilianzia ndani ya Twitter hukohuko, wazo la Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, 2019, ikawa kampuni inayojitegemea 2021, mkuu wake akawa Jay Graber, na mpaka Februari 2024 ulikuwa huingii bila mwaliko. Ukiifungua ni Twitter ya zamani kabisa, herufi 300, picha nne, moyo, kurudia posti, hakuna wa kukuuliza seva. Brazil walipofungiwa X mwisho wa Agosti 2024 walimiminika humo kwa mamilioni ndani ya siku chache, X ikafunguliwa Oktoba na wapo waliorudi, lakini wapo waliobaki. Nikuchoree ilivyo chini ya kapeti: kila akaunti ina namba ya kudumu, ndefu mbaya isiyosomeka, ambayo haibadiliki, na juu yake unavaa jina. Kama namba yako ya NIDA na jina mtaani, leo wanakuita Ticha kesho Mama Fulani, NIDA ni ileile. Sasa jina hilo linaweza kuwa anwani ya wavuti unayomiliki wewe, yaani ukinunua jina lako linaloishia na co.tz kwa wakala wa majina, ndo linakuwa jina lako Bluesky. Siku ukihamisha akaunti kwenye mashine za mtu mwingine, jina na wafuasi mnaondoka wote.

Hapo kwenye karatasi. Mtaani ni kwamba karibu kila mtu wa Bluesky yuko kwenye mashine za kampuni yenyewe, waliojitegemea ni wachache, Blacksky, jumuiya ya watu weusi yenye mashine zake, ndo wanatajwa sana. Na kampuni imechukua hela za wawekezaji, dola milioni 15 mwaka 2024 peke yake, na mwekezaji hatoi hela kwa ajili ya thawabu. Watu wa Mastodon wanawacheka Bluesky kwamba huo si ugatuzi, yaani kugawana umiliki kati ya wengi, ni mkao wa picha tu, na kusema kweli hawajakosea sana.

Pamoja na hayo, mimi ninayeishi Mastodon na sina mpango wa kutoka, wewe nakwambia nenda Bluesky.

Sababu ni watu wako. Umesema kwenye meseji kwamba kati ya hao 9,000 wanaokujibu kila wiki, wanaotuma picha ya mchicha wenye matobo wanauliza ni mdudu gani, ni kama arobaini. Hao arobaini ndo akaunti yako mwalimu, wengine ni hesabu ya kupendezesha. Na hao ni mama wa Kihonda, kijana wa Mbeya, bibi mmoja wa Tanga, wana simu kama yako na hawana subira ya kuchagua seva. Ukiwapeleka mahali ambapo mlangoni wanaweza kukutana na swali wasilolielewa, watafika sita. Nimeona hili mara nyingi mno, kikundi kinahama kwa hasira siku ya Ijumaa, Jumatatu wako watatu wanaitikiana wenyewe kwa wenyewe, Ijumaa ya pili kimya. Kilichowaua ni kwamba kila mmoja alihama kivyake na muda wake, akafika akakuta ukumbi mtupu akageuza.

Kwahiyo usihame, wahamishe wao. Fanya hivi. Mwambie mdogo wako Nairobi aombe kumbukumbu ya akaunti, iko kwenye mipangilio, upande wa akaunti yako, wanaandaa inachukua siku moja au zaidi alafu inakuja faili la zip. Ndani mna posti zako na picha zako zote, weka kwenye kompyuta ya shule na kwenye flashi, viwili, sio kimoja. Humo mna na orodha ya wafuasi lakini usiifurahie, wamewaweka kwa namba tu, majina hamna, ukiifungua utaona tarakimu mwanzo mwisho. Majina ya wale arobaini utayaandika kwa mkono kwenye daftari, mwalimu hashindwi daftari. Na asijaribu kufuta akaunti, iache hapo na posti moja juu kabisa inayosema mmehamia wapi, maana ukifuta jina mtu mwingine anaweza kulichukua akaanza kuuza mbegu feki kwa sura yako.

Alafu hao arobaini wavute kwanza kwenye grupu la WhatsApp. Ndio, WhatsApp, najua ni ya Meta na mimi ni mtu wa kuhubiri ugatuzi, lakini watu wako tayari wako humo na bando zao zinaikubali. Hapo ndo mnapanga siku. Sema Jumamosi saa mbili usiku, wote tunafungua Bluesky, mwenye shida anapiga skrinshoti anatuma kwenye grupu anasaidiwa palepale. Wewe uwe umefungua wiki moja kabla na umeshaweka posti kumi na tano hivi za picha nzuri, wakifika wakute jiko linafuka. Kule kuna kitu wanaita stata paki, orodha ya watu uliyoitengeneza, mtu anabonyeza mara moja anawafolo wote mliomo. Kadiri wanavyojiunga unawaongeza humo, na atakayechelewa akaja Jumapili anabonyeza moja anakuta taimlaini yake tayari ina mchicha. Hicho peke yake kinashinda maelezo yangu yote ya lugha za seva.

Jina la wavuti linunue wewe, kwa imeili yako, lipia wewe. Usimwachie kijana wa stesheneri asajili kwa jina lake kwa sababu anajua kompyuta, kesho mkikosana jina ni lake kisheria na huna la kumfanya. Kuliunganisha na Bluesky ni kazi ya kuweka rekodi moja ya TXT, kijimstari cha maandishi tu, kule uliponunulia jina, mwanafunzi wako yeyote anayependa kompyuta ataifanya kabla kengele ya mapumziko haijalia. Na weka alamu kwenye simu ya kulilipia kila mwaka. Jina likiisha muda, akaunti inabaki maana ile namba ya kudumu haifi, ila jina linaondoka, unaonekana kama mtu asiye na kitambulisho.

Ukitaka na Mastodon bila kuishi nyumba mbili, lipo daraja linaitwa Bridgy Fed, unalifolo ukiwa Bluesky, basi posti zako zinaanza kuonekana na kufolowika kutoka Mastodon. Mimi nitakufuata kwa njia hiyo. Utashangaa watu wa bustani walivyo wengi Mastodon, Wajerumani na Wafini wanapiga picha nyanya kama mtu anavyopiga picha mtoto wake wa kwanza, ila Kiswahili huko ni cha kutafuta kwa tochi, nisikufiche.

Mambo madogo madogo sasa. Kwenye mitandao hii hakuna algorithimu kali ya kukusukuma kama ulivyozoea, Bluesky kuna kidogo na unaweza kuchagua nyingine, Mastodon hamna kabisa, unaona posti za unaowafuata kwa mpangilio wa saa. Maana yake hashitegi zina kazi kweli. Chagueni moja ya Kiswahili mtumie wote, iwe ileile, msiandike leo hivi kesho vile. Bando, kwenye mipangilio zima video kujicheza zenyewe, hapo utashangaa lile la wiki linafika wiki. Na picha ziandikie maelezo mafupi, huko watu wanazingatia sana hilo kwa ajili ya wasioona, na we ni mwalimu, kueleza jani lenye madoa ya njano ndo kazi yako.

Siri usiandike humo. Posti, ulichopenda, hata uliowabloki Bluesky vinaonekana na anayejua pa kuangalia. Mastodon ujumbe wa faragha haujafungwa kwa kufuli lolote, mwenye seva akitaka anausoma. Na kuna mtego mmoja ulinikamata: huko ujumbe wa faragha ni posti ya kawaida inayoonekana na waliotajwa tu, sasa mimi nikawa namteta jamaa kwa rafiki yangu, nikaandika na jina lake kamili la akaunti lenye alama mbele ili rafiki ajue namsema nani. Kumtaja ndo kumtumia. Alinijibu yeye wa kwanza, kwa heshima kabisa, ndo kilichoniuma zaidi.

La mwisho ni hili la kufungwa, kwa sababu naona kwenye meseji yako kama una tumaini kwamba huko hakuna wa kufunga. Lipo, ila sio lote. Mastodon ikizuiwa seva moja nyingine zinaendelea, kuzizuia zote ni kazi ya kuchota maji kwa tenga. Bluesky ni rahisi zaidi kuzuia kwa vile karibu wote wanapita mlango mmoja. Na Agosti 2025 Bluesky wenyewe walijifungia jimbo zima la Mississippi kule Marekani kwa sababu ya sheria mpya ya kuhakiki umri, hakuna serikali iliyowazimia, walipiga hesabu wakaona hawaiwezi. Na intaneti yenyewe ikizimwa, kama tulivyokaa gizani kuanzia Oktoba 29, 2025, hakuna Mastodon wala Bluesky wala nani, zote zinapita waya uleule. VPN, zile programu za kuzunguka kizuizi, sikushauri kwa sababu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishataka wanaotumia wajisajili tangu 2023, na wewe ni mtumishi wa umma, sitaki uje kuniita shahidi. Kwa siku za namna hiyo kwenye lile daftari la majina ongeza safu ya namba za simu, za kupiga na meseji za kawaida, zile hazihitaji intaneti.

Ukishafungua nitumie jina lako zima nikufolo. Na uniandalie jibu, mnafu wangu umejaa vidukari mwezi wa pili sasa, nimeshamwaga maji ya sabuni mpaka mke wangu anauliza kama nafua bustani.